Jinsi ya Kulinganisha Dungusi na Panya wa Jangwani

Ukitaka kulinganisha dungusi kakati aina ya saguaro na panya-kangaruu wa Merriam, wakazi wa Jangwa la Sonora nchini Marekani na Meksiko, usianze na ukubwa, kwani mmoja huweza kupita mita 12 na mwingine ana uzito wa gramu 40 hivi. Anza na maji, maana hapo ndipo wanapokutana.

Chunguza kwanza mikunjo ya shina la saguaro. Mvua inyeshapo, mizizi iliyotandaa karibu na uso wa ardhi hufyonza maji upesi, na mikunjo hiyo hufunguka kama kodiani inayovutwa.

Kisha mwangalie panya, ambaye hana ghala la maji bali huyabana: huyapata hasa mwili unapovunjavunja mbegu kavu, na figo zake hutoa mkojo mzito mno, hata aweza kuishi bila kunywa.

Usisahau saa zao, jambo linalonivutia kuliko yote: saguaro hufungua vitundu vya ngozi yake usiku ili kuvuta hewa ya kaboni, wakati uleule panya anapotoka shimoni kutafuta mbegu.