Kukagua Tangazo Kabla ya Kulituma

Tangazo la mkutano wa wakulima wa zabibu likishatumwa kwenye makundi ya simu husambaa haraka kutoka Hombolo hadi Mpunguzi na Mvumi, na masahihisho yanayotumwa baadaye hayawafikii wote waliosoma la kwanza. Ndiyo maana ukaguzi ufanyike mapema, tena uanze na mambo yanayoweza kumpoteza msomaji, ndipo yafuate mambo ya nukta na mkato.

Fungua kalenda uhakikishe kwamba siku uliyoitaja inaangukia tarehe uliyoiandika. Saa iandikwe kwa namna tunavyoitamka, yaani saa 3 asubuhi, kwa kuwa 9:00 iliyonakiliwa kutoka kwenye simu mwingine ataisoma kuwa saa 9 alasiri. Kuhusu mahali, kuandika Hombolo pekee hakutoshi, maana kuna Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu.

Baada ya hapo soma andiko lote kwa sauti, polepole, ukitamka kila silabi. Usiitegemee simu ikusahihishie, kwani “kupiga kula” na “mahari pa mkutano” yameundwa kwa maneno yaliyomo katika kamusi, ingawa ulikusudia kura na mahali. Makosa ninayoyaona kuwa ya hatari zaidi ni yale ya ukanushi: kati ya “waliolipa ada” na “wasiolipa ada” imebadilika herufi moja tu, lakini watakaoruhusiwa kupiga kura ni watu wengine kabisa. Kila sentensi inayoruhusu au kukataza jambo isomwe peke yake, mara mbili.

Makosa mengine huingia wakati wa kusahihisha kwenyewe. Ukiondoa neno “mkutano” ukaweka “kikao”, basi “utafanyika” lazima iwe “kitafanyika”, na “wetu” iwe “chetu”. Kwa hiyo baada ya badiliko lolote, hata dogo, rudia sentensi nzima tangu mwanzo.

Mwisho, mpe andiko mtu asiyejua lolote kuhusu mkutano huo. Usimwulize kama limeandikwa vizuri, kwa sababu wengi watakubali kwa heshima tu. Mwulize anatakiwa aende wapi, lini, na abebe nini. Akisita katika jibu lolote, sentensi inayohusika iandikwe upya, kisha asomeshwe mtu mwingine ambaye hajaiona.