Namna ya Kulipisha Modi Bila Kuivunja Jumuiya

Vijana wengi wa Tanga wanaocheza Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu iliyotolewa na Maleo mwaka 2017, hawataki kuendesha mabasi ya Indonesia. Wanataka mabasi yanayoingia na kutoka Stendi ya Kange, yenye rangi wanazozijua tangu utotoni na maandishi ya Tanga–Dar juu ya kioo cha mbele, na gemu hiyo inawawezesha, kwa sababu inamruhusu mchezaji kuingiza gari lililotengenezwa na mtu mwingine na kulipaka rangi aitakayo. Gari kama hilo, au kitu chochote kinachoongezwa kwenye gemu na mtu asiye mwenye gemu, huitwa modi. Mabasi hayo hutengenezwa na watu wanaokesha mbele ya kompyuta wakiwa na Blender, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, na picha walizozipiga stendi, na mazoea yalikuwa kuyagawa bure katika makundi ya WhatsApp. Siku hizi mengine hufungwa kwa nywila, na nywila hupatikana baada ya kutuma pesa kwa simu.

Mwongozo huu ni kwa mtengenezaji anayefikiria kulipisha, kwa msimamizi wa kundi anayelazimika kuamua yapi yaruhusiwe, na kwa mchezaji anayetakiwa kulipa. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kutengeneza modi ni kazi, na mfanyakazi anastahili ujira wake. Lakini faili linalofungwa moja kwa moja, lisifunguke hata baada ya mwaka, huidhoofisha jumuiya iliyomfundisha mtengenezaji huyo, na mwishowe humdhoofisha yeye mwenyewe. Vipo vitu vinavyoweza kuuzwa bila madhara hayo, navyo ni muda na huduma.

Kwanza, fungua modi yako uone imejengwa na nini

Kabla ya kutaja bei, orodhesha kila kipande kilichomo. Tuseme bodi ya basi umeichora mwenyewe kuanzia bampa hadi buti. Magurudumu, hata hivyo, yametoka katika faili la mwenzako wa Muheza. Usukani na dashibodi vilitolewa na mtengenezaji wa Indonesia kwa sharti la kutajwa jina. Honi ilirekodiwa na mtu mwingine akiwa safarini. Na ustadi wa kuviunganisha vyote ulijifunza kwa kupekua mafaili ya waliokutangulia, ambayo hayakuwa na nywila. Ukiandika orodha hiyo kwa uaminifu utaona kwamba ni nadra sana modi kuwa mali ya mtu mmoja.

Jumuiya ya modi huenda kama upatu: kila mmoja hutoa kidogo, na kila mmoja hupokea kikubwa kwa zamu yake, ilimradi hakuna anayepokea kisha akaacha kutoa. Nywila ya kudumu ni kuacha kutoa. Aliyechukua magurudumu ya bure akayafungia ndani ya basi la kulipia amewaondolea wenzake kipande walichokuwa nacho, na mwenye magurudumu akigundua, mara nyingi hafanyi ugomvi. Anaacha tu kutoa vitu vyake hadharani. Hasara hiyo haionekani siku ya kwanza. Huonekana baadaye, pale mgeni anayetaka kujifunza anapokosa faili hata moja analoweza kulifungua akaona taa za breki zimeunganishwaje.

Mfano ulio wazi ni wa Aprili 2015. Valve, wenye duka la gemu la mtandaoni la Steam, kwa kushirikiana na Bethesda, waliotengeneza gemu ya Skyrim, waliruhusu modi za gemu hiyo ziuzwe. Mtengenezaji alipata asilimia 25 ya bei, na asilimia 75 zilizobaki ziligawanywa kati ya kampuni hizo mbili. Mpango huo ulianza tarehe 23 na kufutwa tarehe 27 ya mwezi huohuo, na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Watu hukumbuka zaidi hasira za wachezaji, lakini mimi naona funzo liko kwingine: mojawapo ya modi za mwanzo kuuzwa, iliyohusu uvuvi, iliondolewa upesi kwa sababu ilitegemea mijongeo, yaani miondoko ya wahusika, iliyotengenezwa na mtu mwingine aliyekuwa ameitoa bure, na katika siku hizo chache baadhi ya watengenezaji waliziondoa modi zao za bure mahali pa wazi wakihofia kwamba zitachukuliwa na kuuzwa. Zilitosha siku nne kuwafanya watu waliozoea kugawana waanze kufichana.

Kwa hiyo, kila kipande kisicho chako kiombee ridhaa kwa maandishi, na utaje waziwazi kwamba unakusudia kupokea fedha, kwa kuwa aliyekuruhusu kutumia bure hakukuruhusu kuuza. Maumbo yaliyopakuliwa kwenye tovuti za maumbo ya pande tatu huja na leseni. Ile ya Creative Commons yenye alama ya NC inakataza matumizi ya kibiashara, na kuiweka nyuma ya malipo ni kuivunja. Ukikataliwa ridhaa, toa kipande hicho, utengeneze cha kwako.

Soma masharti ya wenye gemu

Kila kampuni ina msimamo wake, na ni wajibu wako kuujua kabla ya kupokea hata shilingi moja. Masharti ya Minecraft yanasema kwamba modi uliyoibuni mwenyewe ni mali yako, ila usiiuze kwa fedha. Electronic Arts, wenye The Sims 4, walitoa maelekezo mwaka 2022 kwamba modi zisiuzwe. Mtengenezaji anaweza kupokea michango, na anaweza kuwapa wachangiaji modi mapema, lakini baada ya muda wa kadiri ni lazima kila mtu aipate bure. Maelekezo hayo hayakutaja idadi ya siku, na mabishano mengi yalizaliwa humo, kwa sababu sharti lisilo na tarehe kila mtu hulivuta upande wake. Kama gemu yako inakataza malipo ya aina yoyote, pokea michango ya hiari tu, bila kumnyima faili asiyechangia.

Hapa nyumbani liko pia suala la majina na rangi za mabasi. Kampuni ya usafirishaji ndiyo yenye jina lake na nembo yake. Wakati kijana anagawa bure basi lililochorwa kwa mapenzi, wengi hufurahia kujiona. Anapoanza kuuza kwa jina lao, jambo hilo limekuwa biashara na linahitaji ruhusa. Nenda ofisini kwao ukaombe, na utake jibu la maandishi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, haikulindi wewe peke yako. Inamlinda vilevile yule wa Muheza mwenye magurudumu.

Uza muda na huduma, usiuze kufuli

Njia ninayoipendekeza zaidi ni ya kutangulia. Wanaochangia hupata basi leo, na wengine wote hulipata katika tarehe iliyotajwa tangu mwanzo. Tarehe ndiyo roho ya njia hii. Usiandike «hivi karibuni» wala «tukifikisha watu kadhaa». Andika siku na mwezi, kisha siku hiyo ikifika, toa nywila asubuhi kabla hujaulizwa. Wiki mbili hadi nne zinatosha kwa basi la kawaida, kwa sababu hamu ya watu huwa kubwa siku za mwanzo, na anayechangia hasa huchangia kwa ajili ya siku hizo. Tangazo linaweza kuandikwa hivi:

«Basi hili nimelitengeneza mimi, isipokuwa magurudumu na honi, ambavyo vimetumika kwa ridhaa ya wenyewe waliotajwa hapa chini. Wanaochangia shilingi 3,000 watalipata leo pamoja na msaada wa kuliweka. Kuanzia tarehe 1 Machi litakuwa wazi kwa watu wote, bila nywila.»

Njia ya pili ni kazi ya kuagizwa. Mtu akitaka rangi ya harusi ya dada yake, jina la baba yake ubavuni, au basi ambalo hakuna aliyewahi kulichora, mlipishe kwa saa zako kama fundi yeyote anavyolipisha, na mkubaliane mapema kama faili litabaki lake au litatolewa kwa wote. Malipo haya hayamnyimi mtu kitu kilichokuwepo, na kwa maoni yangu ndiyo yenye heshima kuliko yote. Michango ya hiari ni njia ya tatu. Haileti fedha nyingi, lakini haina lawama.

Kuhusu mahali pa kupokelea, Patreon, tovuti ya kuwachangia wabunifu iliyoanzishwa mwaka 2013, imejengwa kwa ajili ya wenye kadi za benki na malipo ya kila mwezi, na mchezaji wa Ngamiani, hapa Tanga, anayenunua bando la siku hawezi kuingia humo kwa urahisi. Tumia malipo ya simu, lakini kwa namba maalumu ya kazi hiyo, na uandike kila malipo kwenye daftari: tarehe, jina, kiasi na modi iliyolipiwa. Nexus Mods wana utaratibu mwingine unaofaa kujulikana, ambapo mfuko wa tovuti yenyewe huwagawia watengenezaji pointi kulingana na upakuaji, naye mchezaji halipi chochote ili apate faili.

Aliyepokea fedha amekwisha kuahidi huduma, na hapo wengi huteleza. Gemu ikisasishwa, modi huharibika, na mlipaji atakuja. Mazungumzo huwa hivi:

«Shikamoo kaka. Nilituma ile elfu tatu, lakini basi likiingia barabarani linakuwa jeupe lote.»

«Marahaba mdogo wangu. Umesasisha gemu wiki hii?»

«Ndiyo, jana.»

«Basi futa faili la zamani. Picha za rangi hazisomeki kwenye toleo jipya. Nakutumia lililorekebishwa jioni, na hulipi tena.»

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayokujengea jina. Modi ya bure isiyofungwa ingeweza kurekebishwa na yeyote mwenye ujuzi. Wewe uliyefunga umejibebesha kazi hiyo peke yako kwa muda wote wa kufuli, na kama huna nafasi ya kuifanya, huna sababu ya kufunga.

Faili litavuja, jiandae

Hakuna kufuli lisilovunjwa. Starfield ilipotoka Septemba 2023, modi moja ya kuifanya gemu hiyo iende kwa wepesi iliwekwa Patreon kwa malipo na ikawekewa ulinzi. Ulinzi huo ulivunjwa upesi, na modi nyingine ya kazi hiyohiyo ikatolewa bure na mtu mwingine. Basi lako la shilingi 3,000 halitapona. Likivuja, usimtafute aliyevujisha umwaibishe kundini, na kamwe usitie ndani ya faili kitu cha kuharibu simu ya asiyelipa. Kinachofaa ni kuiwahisha tarehe ya kulifungua, uliweke mahali rasmi wewe mwenyewe, ili watu walipate likiwa salama.

Usalama huu si jambo la nadharia. Juni 2023, programu hasidi iliyokuja kuitwa fractureiser ilipenyezwa ndani ya modi za Minecraft zilizokuwa kwenye CurseForge, tovuti ya kupakulia modi inayojulikana na kuaminiwa. Ikiwa hilo lilitokea penye watu wa kukagua, nakala zinazozungushwa gizani kwa sababu ya kukwepa malipo hazina hata mtu wa kuzitazama. Kadiri modi nyingi zinavyofungwa kwa kudumu, ndivyo wachezaji wengi, na hasa wenye umri mdogo, wanavyosukumwa kwenye nakala hizo.

Kwa msimamizi wa kundi na kwa mchezaji

Msimamizi, tenganisha kundi la mafaili ya wazi na kundi la matangazo ya kulipia, na usikubali tangazo lisilo na tarehe ya kufunguliwa na orodha ya vipande vya watu wengine. Wachezaji wengi ni wanafunzi wanaotumia simu ya mzazi; weka kanuni kwamba malipo yanayotoka kwenye namba ya mzazi yathibitishwe na mzazi mwenyewe kwa kupigiwa, na asipothibitisha, fedha zirudishwe siku hiyohiyo. Mgogoro wa umiliki ukitokea, sitisha tangazo kwanza, kisha waombe pande zote mbili mafaili ghafi, yaani yale ya kuchorea ndani ya Blender: mwenye kazi huwa nayo, aliyenakili hana.

Mchezaji, kabla ya kutuma pesa, uliza mambo matatu: litafunguliwa lini, nani atalirekebisha gemu ikibadilika, na ni toleo gani la gemu linalohitajika. Anayekasirishwa na maswali haya hafai kulipwa.

Siku utakayoamua kuacha kazi hii, kwa sababu ya masomo, ajira au kuchoka tu, toa nywila zote zilizosalia, rudisha fedha za oda ambazo hazijakamilika, kisha weka faili ghafi la Blender kwa kila basi mahali ambapo kundi linaweza kulipakua, likiwa na maandishi mafupi yanayosema nani alitengeneza nini, lipi linaruhusiwa kubadilishwa, na ya kwamba lisiuzwe.