Kiolezo cha bakuli kwa filamu ya eksirei

Anayefinyanga mabakuli kwa mkono na kutaka yalingane asikate kiolezo chake kwenye boksi, kwa kuwa boksi hunyonya maji ya udongo na kingo zake hulegea upesi. Filamu ya zamani ya eksirei hailowi, hukatika vizuri kwa mkasi na hufutika kwa kitambaa. Chora juu yake duara lenye kipenyo cha sentimita 24, kisha ukate kabari nne zilizoachana kwa nafasi sawa, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 4 ukingoni na ncha yake ikiishia sentimita 5 kabla ya kitovu. Kabari hizo hupunguza mzingo wa ukingo kutoka takribani sentimita 75 hadi 59, hivyo udongo hauna budi kuinuka ukawa kuta, huku katikati ikibaki bapa kama kitako. Sukuma udongo hadi unene wa milimita 6, ukate kwa kufuata kiolezo huku kisu kikiwa kimelala kidogo, kwaruza kingo, paka uji wa udongo, zikutanishe, kisha ukandamize kijiti chembamba cha udongo ndani ya kila kiungo (hatua ambayo wengi huiruka, na ndipo nyufa zinapoanzia). Mbinu hii hushindwa udongo ukiwa umekauka kiasi cha kupasuka unapokunjwa, au ukiwa laini mno hata kuta zikabonyea nje. Kwa hali hii ya pili, uache kwanza kivulini hadi usinate tena kidoleni.