Sukuma kwanza, ugali baadaye

Hii nimefunzwa kliniki ya kisukari: ukiketi kibandani Gikomba saa saba mchana, usianze na ugali. Kula sukuma na maharagwe au nyama kwanza, ngoja kama dakika 10, ndipo umege. Nyuzinyuzi na protini huamsha homoni za utumbo, hasa GLP-1, inayochelewesha chakula kutoka tumboni na kuichochea kongosho itoe insulini, hivyo sukari ya damu hupanda taratibu. Na haikuongezei hata shilingi! Ukishushia soda umeharibu. Anayejidunga insulini aulize daktari kwanza. Mtu akitetemeka na kutokwa jasho kwa sukari kushuka, mpe kitu kitamu papo hapo, sukuma isubiri.