Kabla ya kulipa bei ya gari la kale lililokarabatiwa

Siku ya kwenda kuliona gari, fedha ziache nyumbani. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, tochi, na nguo ambazo hutaona uchungu kulala nazo chini ya gari.

Ila kazi kubwa huanza kabla ya siku hiyo. Mwombe muuzaji picha za namba ya chesisi, namba ya injini na kadi ya gari, kisha uzisome kwa utulivu. Namba zenye tarakimu na herufi 17 zilianza Marekani kwa modeli za 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mpangilio wake, nawe huna budi kuujua wa gari unalolitaka. Chukua Volkswagen Beetle. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu ya chesisi ndiyo inayotaja mwaka, kwa hiyo namba inayoanza na 117 ni ya modeli ya 1967. Utaikuta imegongwa kwenye tuta la katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Sasa namba ya injini ya gari hilo ikianza na AD, hiyo ni injini ya cc 1600 iliyokuja miaka ya 70. Gari laweza kutembea vizuri kabisa, na kubadilisha injini si kosa, lakini usiliuziwe kwa bei ya lile lenye injini liliyotoka nayo kiwandani.

Namba yenyewe iangalie kwa tochi. Chuma kikionekana kimesagwa, au kuna alama za kuchomelea kuizunguka, ondoka. Hapo hatuzungumzii bei tena; huenda gari limeibwa.

Kwa magari mengi ya Uingereza, kama MG, Austin na Morris, jumba la makumbusho la British Motor Museum lililoko Gaydon hutoa vyeti kutoka kwenye kumbukumbu za viwanda. Omba mapema. Cheti kikitaja rangi ya awali, inua kapeti na uchungulie pembe za buti: rangi ya zamani hubaki kwenye sehemu ambazo fundi hakuona haja ya kuzifikia.

Kisha kutu. Nimewahi kupitisha sumaku kwenye mlango uliokuwa uking'aa kama kioo. Juu ilishika barabara. Nilipoishusha karibu na kizingiti ikateleza, ikaanguka. Chini ya rangi hiyo nzuri kulikuwa na puti nene, ile ya kuzibia mashimo, si bati. Pima kwa njia hiyohiyo vizingiti, matao ya magurudumu na sehemu ya chini ya kila mlango. Bodi ya Land Rover za zamani usiihukumu kwa sumaku, maana sehemu kubwa ni alumini. Pale lala chini ukague fremu, ambayo ni ya chuma.

Ukifika, gusa boneti kabla ya salamu kuisha, ujue kama injini imeshapashwa moto. Injini iwashwe ikiwa baridi. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni: 2318 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Kuhusu bei, anayotaja muuzaji ni ombi tu. Tafuta matokeo ya minada ya modeli hiyohiyo, mwaka huohuo na hali inayofanana, uone watu walilipa nini hasa. Mafungu ya risiti yasikutishe, kwa sababu gharama za ukarabati mara nyingi huzidi thamani ya gari, na tofauti hiyo si deni lako. Risiti zisome kama ushahidi wa kilichofanyika. Zaidi yake mimi hutaka picha za bodi ikiwa imevuliwa rangi yote, bati likionekana. Aliyefanya kazi safi huwa nazo, tena hufurahi kuzionyesha. Asipokuwa na hata moja, nalipigia hesabu kama gari ambalo halijakarabatiwa.