Kabla ya Kwenda Ziwa Mutanda: Mambo ya Kuzingatia

Ziwa Mutanda, lililoko wilayani Kisoro katika pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, halijapata umaarufu wa Ziwa Bunyonyi, na ukimya huo ndio unaowavuta wapenda matembezi. Lakini palipo kimya maduka ni machache, kwa hiyo dawa, betri na fedha taslimu, hasa noti ndogondogo za shilingi, zitafutwe mjini Kisoro kabla ya kuiacha barabara ya lami.

Jambo la kwanza kupangwa ni saa, mizigo baadaye. Kusini mwa ziwa imesimama milima ya volkano: Muhabura yenye mita 4,127, Gahinga yenye mita 3,474, na Sabyinyo yenye vilele vilivyochongoka kama meno, ambako Uganda, Rwanda na Kongo hukutana. Lava ya volkano hizo ndiyo iliyoziba bonde, maji yakajaa nyuma yake. Milima huonekana vizuri zaidi alfajiri; jua likishapanda mawingu huijia, na aliyechelewa kuamka huenda asione ila ukungu. Kwa kuwa safari ya kutoka Kampala kupitia Masaka, Mbarara na Kabale humaliza mchana mzima, anayekusudia kulala usiku mmoja tu anaubahatisha mwendo wote huo kwa asubuhi moja. Nashauri usiku 2 kwa uchache.

Kuhusu majira, wengi huchagua Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari, kwa sababu mvua hupungua na njia hazitelezi sana. Hata hivyo, katika miezi ya kiangazi vumbi na moshi wa mashambani huweza kuififisha mandhari, ilhali asubuhi inayofuata mvua kubwa huwa safi ajabu. Anayetanguliza picha kuliko viatu vikavu asiiogope mvua.

Ukaribu wa ikweta usimdanganye mtu akaacha sweta nyumbani, maana ziwa liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 na usiku wake ni wa baridi. Buti zenye kukamata ardhi, koti la mvua na fimbo vinatosha kwa njia za kandokando ya ziwa, ambazo kwa kweli ni vichochoro vya wakulima vinavyopita katikati ya viazi na maharage ya watu. Mwongozaji wa kijijini atakuonyesha njia na kukuombea ruhusa ya kupita, kwa Rufumbira, kwani Kiswahili kinasikika zaidi sokoni, mpakani na kwa madereva kuliko mashambani. Picha za watu nazo ziombwe kwanza.

Kwa upande wa wanyama, asiyetarajia tembo hatavunjika moyo. Darubini itamfaa mtazamaji wa ndege, akiwemo korongo taji, ndege wa taifa, na kwa bahati njema fisi maji huibuka karibu na matete. Anayetaka kuwaona sokwe wa milimani (gorila) katika hifadhi za Bwindi au Mgahinga akate kibali mapema kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, akikumbuka kwamba aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi, wala mwenye mafua.

Mtumbwi ukodiwe asubuhi, kabla upepo haujachafua maji, na bei, muda na njia ya kurudi vikubaliwe ufukweni. Pasipo jaketi la kuokolea maisha, usipande, hata kama mpiga kasia anacheka.

Mkenya au Mnyarwanda anaweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Wengine wachukue pasipoti, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kongo nayo iko jirani: Bunagana, upande wa pili wa mpaka, ilitekwa na waasi wa M23 mwezi Juni 2022, hivyo hali ya usalama iulizwe wiki ile ile ya kusafiri, tena kwa wenyeji wa Kisoro wanaoitumia barabara ya Bunagana kila siku.