Wanafunzi wadogo kwenye vyombo vya darasa mtandaoni, bila barua pepe ya kila mmoja

Mtoto wa darasa la pili hahitaji barua pepe ili afanye kazi mtandaoni. Anahitaji njia ya kuingia, na mtu mzima anayeshika funguo. Barua pepe humfungulia mlango kwa watu wasiomhusu, na hata hivyo Google, katika nchi nyingi, haimruhusu aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe. Kumdanganyia umri ili mambo yaende ni kosa: akaunti ikigundulika hufungwa, na kazi zake hupotea nayo.

Kwanza jiulize kama kazi inahitaji akaunti kabisa. Kwa chemshabongo ya dakika kumi, Kahoot, mchezo wa maswali mtandaoni, hutaka namba ya mchezo na jina la utani tu. Padlet, ubao wa mtandaoni wa kubandika maandiko, nayo hufunguka kwa kiungo, mradi mwalimu awe ameruhusu wageni kuandika. Ubaya wake ni kwamba hujui nani kaandika nini. Waambie waanze kila andiko kwa namba yao ya orodha ya darasa, mfano 07, na uwashe kibali cha mwalimu ili andiko lisionekane kabla hujalipitisha. Usilisahau hilo la kibali, kwa sababu neno moja baya likishasomwa na darasa zima, kulifuta hakusaidii sana.

Ukitaka kufuatilia maendeleo ya muhula mzima, chagua chombo ambacho mwalimu ndiye anayefungua darasa. Code.org, tovuti ya kufundisha kuandika programu, ina njia nzuri kuliko zote kwa wasiojua kusoma vizuri: mtoto anaingiza msimbo wa darasa, anagusa jina lake, kisha anagusa picha yake ya siri. Seesaw, jalada la mtandaoni la kazi za wanafunzi, huruhusu kuingia kwa kupiga picha msimbo wa QR. Scratch (ya kutunga michezo na katuni) na Khan Academy (ya masomo na mazoezi) humwezesha mwalimu kuwatengenezea wanafunzi majina ya kuingilia na nenosiri, bila barua pepe. Kwa Scratch, omba akaunti ya mwalimu siku kadhaa kabla ya kipindi, maana huidhinishwa kwanza.

Kazi kubwa iko kwenye orodha ya majina, na hapo ndipo wengi hukwama. Jina la Scratch huonwa na umma, kwa hiyo lisiwe na jina halisi la mtoto wala la shule. Pia halirudiwi: likiwa limeshachukuliwa popote duniani, hulipati. Tunga neno lako la mwanzo, kisha uongeze namba ya orodha: twiga_k2_07, kwa mfano. Herufi zisizidi 20, wala pasiwe na nafasi. Epuka herufi O na l, zinazofanana na tarakimu 0 na 1. Mtoto hawezi kuzitofautisha kwenye karatasi, na hata wewe utashindwa.

Ukiandaa orodha kwenye lahajedwali (kama Excel), ipange safu ya nenosiri kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Usipofanya hivyo, 042719 itageuka 42719 kimyakimya, na nusu ya darasa itakwambia nenosiri limekataa.

Andika kadi moja kwa kila mtoto, kwa herufi kubwa za kusomeka: jina la kuingilia juu, nenosiri chini. Kadi zikae kwako, zigawiwe mwanzo wa kipindi na zikusanywe mwishoni. Kisha ingia kwa kadi mbili tatu wewe mwenyewe kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ukitumia kishikwambi kilekile cha watoto. Kibodi yake hupenda kuanza na herufi kubwa na kuacha nafasi baada ya neno. Nafasi hiyo haionekani kwa macho, lakini inatosha kumzuia mtoto asiingie.

Chombo kikidai barua pepe bila njia nyingine, fungua Gmail moja ya darasa na utumie alama ya jumlisha: anwani yenye +07 kabla ya @ huleta barua zake kwenye sanduku lilelile, huku chombo kikiiona kuwa anwani mpya. Hii iwe njia ya mwisho. Baadhi ya tovuti hukataa alama hiyo, na ujumbe wote wa uthibitisho utaushughulikia wewe. Watoto wasipewe nenosiri la sanduku hilo.

Kwenye vifaa vya kushirikiana, zuia kivinjari kuhifadhi nenosiri, na kila kipindi kiishe kwa kubonyeza kitufe cha kutoka. Kufunga ukurasa hakutoshi; mtoto anayefuata atajikuta ndani ya kazi ya mwenzake na ataifuta bila kujua. Tenga dakika tano kwa ajili hiyo, na upite ukiangalia kila skrini.

Wazazi waandikie mapema: chombo gani, jina gani linatumika, kazi zinaonwa na nani. Mwanafunzi akihama, ifute akaunti yake baada ya kumpa mzazi nakala ya kazi zake.